Umbali ambao jicho linatakiwa kuona: vilengeo vya bunduki kwa mwenye macho yenye kasoro

Mtu ambaye macho yameanza kumgomea kwenye uwanja wa shabaha huuliza kwanza anunue kifaa gani. Majibu atakayopata hayafanani. Mmoja atamsifia kilengeo cha nukta nyekundu ya mwanga, mwingine atamwambia darubini ya bunduki, wa tatu atasema miwani mipya inatosha. Wote wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa macho yake mwenyewe. Nimeona watu wakinunua vifaa vizuri kabisa visivyohusiana na tatizo lao, na mimi nimewahi kuwa mmoja wao, kwa sababu tulirukia dukani kabla ya kuuliza swali linalotangulia: kifaa hiki kinaiweka alama yake umbali gani kutoka jichoni?

Swali hilo ndilo fundo la mambo yote. Ukilifungua, utaelewa kwa nini kilengeo kinachomfaa jirani yako kinakuumiza kichwa wewe, na kwa nini miwani inayokusaidia kusoma inakuharibia nukta.

Jicho moja, umbali mmoja

Jicho haliwezi kuona kwa ukali vitu viwili vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja. Jaribu sasa hivi: nyoosha mkono, tazama ukucha wa kidole gumba mpaka uone mistari yake, na utagundua ukuta ulio nyuma umeingia ukungu. Hamia ukutani, ukucha nao utafifia. Ujanani hatulijali jambo hili kwa kuwa lenzi iliyo ndani ya jicho ni laini. Hunenepa na kukonda upesi mno, tukadhani tunaviona vyote pamoja.

Sasa fikiria vilengeo vya chuma vya kawaida. Kuna cha nyuma, kuna cha mbele, halafu kuna shabaha yenyewe huko mbali. Vitu vitatu, umbali wa aina tatu, jicho moja. Ndiyo maana walimu wa shabaha tangu zamani wanasisitiza kwamba kilengeo cha mbele kionekane kikali, shabaha ikiachwa na ukungu kidogo. Ushauri huo ni mzuri, ila unadai kwamba jicho lako bado lina uwezo wa kutulia kwenye urefu wa mkono.

Kuanzia umri wa miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa. Hayo ndiyo macho ya utu uzima, na humpata kila mtu, hata aliyeishi maisha yote bila miwani. Kwanza huondoka maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa, kisha gazeti, halafu siku moja unanyoosha bastola na kugundua kwamba kile kilengeo cha mbele kilichokuwa na kingo kali kama wembe kimekuwa kivuli chenye manyoya. Kuona mbali hakujapungua hata kidogo, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Shabaha wanaiona vizuri sana, chuma cha mkononi hawakioni.

Wenye kasoro ya kutoona mbali wana habari tofauti. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, na hesabu yake ni rahisi: gawanya moja kwa umbali wa mita. Mtu wa dayopta 1 ya kutoona mbali, akivua miwani, mwisho wa uoni wake mkali ni mita 1. Wa dayopta 2, ni nusu mita. Kwa hiyo yule wa dayopta 1 akivua miwani ataona kilengeo cha mbele cha bastola vizuri ajabu, kwa vile kiko pungufu kidogo ya mita moja, lakini shabaha itakuwa wingu. Nimewahi kumsikia mtu akijisifu kwamba macho yake yamepona kwa sababu ya hilo. Hayakupona. Alikuwa amesimama tu mahali ambapo kasoro yake ilikuwa na manufaa.

Hesabu hiyohiyo inasaidia kwa mwenye kutaka kubaki na vilengeo vya chuma. Tuseme kilengeo cha mbele cha bunduki yako kiko mita 1 kutoka jichoni. Kukiona kwa ukali kabisa, jicho lililokakamaa linahitaji nyongeza ya dayopta 1 juu ya miwani yake ya kuonea mbali. Kuiona shabaha halihitaji nyongeza yoyote. Ukichukua katikati, dayopta 0.5, jicho linatua kwenye mita 2, na kutoka hapo kilengeo na shabaha vyote vinakuwa na ukungu mdogo unaovumilika. Ukiongeza kitundu cha kuchungulia nyuma, ukungu ule unapungua zaidi. Wengi hufanya kosa la kwenda na miwani ya kusomea ya dayopta 2 au 2.5, ambayo inalitupa jicho kwenye sentimita 40 au 50. Hapo hakuna kitu chochote cha kulenga.

Daktari wa macho hawezi kukukadiria umbali huo akiwa ofisini, na bunduki haipelekwi kliniki. Njia yangu ni kijiti. Bunduki ikiwa tupu na imehakikishwa kuwa tupu, shika mkao wako wa kawaida, mtu akupimie kwa kamba kutoka pembeni mwa jicho hadi kilengeo cha mbele, kisha kata kijiti cha urefu huo. Nenda nacho. Daktari anaweka lenzi za majaribio, wewe unanyoosha kijiti na kutazama ncha yake. Kazi ya dakika kumi, na unatoka na miwani iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi yako.

Nukta iliyo mbali

Mwaka 1900, Howard Grubb wa Dublin, mtengenezaji wa darubini za nyota, alibuni kilengeo ambacho hakina chuma cha kupanga. Mpiga risasi alitazama kupitia kioo na kuona alama yenye mwanga ikielea juu ya shabaha. Wazo hilo lilitumika kwenye ndege za kivita, na mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ikaleta kilengeo chake cha kwanza cha nukta nyekundu ya umeme kwa bunduki za mkononi.

Undani wake ni huu. Taa ndogo inatupa mwanga kwenye kioo kilichopinda kidogo. Kioo kinaurudisha mwanga huo ukiwa umenyooka, miale yake ikisafiri sambamba, na miale sambamba kwa jicho maana yake ni kitu kilicho mbali sana. Kioo kiko sentimita chache au urefu wa mkono kutoka usoni, lakini nukta unayoiona haiko pale kwenye kioo. Kwa jicho lako iko huko ilipo shabaha.

Kwa mwenye macho ya utu uzima ambaye bado anaona mbali vizuri, hii ni nafuu kubwa kuliko zote. Haangalii tena vitu vitatu, anaangalia kimoja. Anatulia kwenye shabaha, nukta inamjia yenyewe. Miwani ya kusomea anaiacha mfukoni, na namsihi aiache kweli, kwa sababu nimekutana na watu waliovaa miwani ya kusomea ili waione nukta vizuri zaidi wakashangaa imekuwa mpira. Akili inawaambia nukta iko karibu, maana kioo kiko karibu.

Asiyeona mbali, kinyume chake, akivua miwani hapati nukta. Atapata doa. Huyu lazima avae miwani yake ya kuonea mbali au lenzi za kuvaa juu ya jicho. Mwenye miwani ya nguvu zinazobadilika kutoka juu hadi chini atazame kupitia sehemu ya juu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbali, na hapo hatapata shida. Shida yake ilikuwa kwenye chuma, alipolazimika kuinua kidevu mpaka shingo iume ili atafute sehemu ya katikati ya lenzi.

Nukta inapoota mkia

Kwenye uwanja ninaofanyia mazoezi kuna mzee aliyebadilisha vilengeo vitatu vya nukta kwa muda mfupi. Kila kimoja alikiita kibovu. Siku moja aliniita, akatoa kasha la risasi, akafungua chemba tukaitazama wote wawili, akanipa bastola.

"Kijana, angalia mwenyewe. Nukta imepasuka."

Nikatazama. "Mzee, mimi naona duara."

Alinitazama kama mtu anayedanganywa. Basi tukakifungua kilengeo kutoka kwenye bastola, nikamwomba akishike kwa vidole, akielekeze kwenye ukuta wenye kivuli, na akizungushe polepole kama anayegeuza usukani.

"Mkia uko wapi?"

"Juu, upande wa kulia."

Akakizungusha robo duara.

"Na sasa?"

Alikaa kimya kidogo. "Uko palepale."

Kama kasoro ingekuwa ya kifaa, mkia ungezunguka pamoja na kifaa. Ulibaki juu kulia kwa sababu ulikuwa unatoka jichoni. Angeinamisha kichwa, mkia ungeinama naye.

Kasoro hiyo inaitwa astigmatizimu. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inatakiwa kupinda sawasawa pande zote kama mpira. Kwa watu wengi sana imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko. Mwanga unaopita hauwezi kukusanyika kwenye nukta moja, unajinyoosha kuwa mstari. Mwanasayansi Mwingereza Thomas Young aliieleza mwaka 1801 baada ya kuipima kwenye jicho lake mwenyewe. Miaka ishirini na kitu baadaye, mwanaastronomia George Airy, naye akiwa na kasoro hiyohiyo, alitengenezewa lenzi yenye umbo la kipande cha silinda kuirekebisha. Mpaka leo karatasi ya daktari wa macho ina safu ya silinda na nyuzi za mhimili, na ni urithi wa kazi hiyo.

Mtu anaweza kuwa na astigmatizimu ndogo maisha yake yote asijue. Anasoma, anaendesha gari, hana malalamiko, isipokuwa pengine usiku taa za magari yanayokuja humtokea kama nyota zenye miguu. Nukta nyekundu inaifichua kasoro hiyo kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ni mwanga mdogo, mkali, ulio peke yake. Mmoja ataona koma, mwingine kishada cha zabibu, mwingine nukta mbili zilizoshikana.

Usiridhike na jaribio la kuzungusha peke yake. Chukua kadi ngumu, itoboe kwa sindano, tazama nukta kupitia kitundu hicho. Ikisafika, basi kasoro ni ya namna jicho linavyopinda mwanga, na lenzi inaweza kuisahihisha. Hata wataalamu wa macho hutumia kitundu kama hicho kliniki kwa sababu hiyohiyo. Kitundu huzuia miale ya pembeni, ile inayopotoka zaidi, kikaacha ya katikati. Wenye kilengeo cha nukta kwenye bunduki yenye kitundu cha nyuma wanaweza kuitazama nukta kupitia kitundu hicho na kuona muujiza mdogo.

Tiba ya kweli ni miwani yenye silinda sahihi, au lenzi za kuvaa juu ya jicho za aina ya silinda. Mzee wangu alikuwa akivaa miwani aliyoichukua rafuni bila kupimwa, na miwani ya namna hiyo haina silinda kabisa. Baada ya kupimwa, aliniambia nukta bado ina kakucha kadogo upande mmoja lakini sasa ni nukta. Naamini hilo ndilo tarajio la haki. Mara nyingi haiwi duara kamilifu, na haihitaji kuwa.

Kabla ya kutumia senti nyingine, punguza mwanga wa nukta. Wengi wetu tunaiwasha kupita kiasi. Shusha mpaka uione kwa shida kidogo, kisha panda hatua moja. Mkia nao unafifia, kwa sababu mkia ni mwanga uliomwagika na ukipunguza chanzo unapunguza mmwagiko. Gizani hali huwa mbaya zaidi, kwani mboni hupanuka na kuruhusu miale ya pembeni ya konea, yenye kasoro zaidi. Mchana kweupe nukta ileile inaweza kuwa safi.

Rangi nayo ina neno lake. Jicho mchana huhisi zaidi mwanga wa kijani, karibu na nanomita 555, na ndani ya jicho mwanga mwekundu hukusanyika nyuma kidogo ya pale wa kijani unapokusanyika. Tofauti hiyo ndogo inatosha kumfanya mtu mmoja aone kijani kwa ukali zaidi na mwingine nyekundu. Kuna pia wasioona rangi nyekundu ipasavyo, ambao kwao nukta nyekundu ni hafifu hata ikiwashwa sana. Hawa hawana haja ya kubishana na mtu, watafute kijani au alama nyeusi iliyochorwa kwenye kioo.

Alama iliyochorwa ndiyo inayotupeleka kwenye vilengeo vya prizimu. Hivi ni darubini fupi, nyingine zisizokuza kabisa, ambazo alama yake imechongwa kwenye kioo na inaonekana hata betri ikiisha. Mistari myeusi juu ya picha yenye mwanga haimwagiki kama taa inavyomwagika, na nyingi zina pete ya kurekebishia jicho. Kwa mwenye astigmatizimu asiyetaka miwani, nadhani hapa ndipo pa kuanzia. Hasara yake ni kwamba jicho lazima likae karibu na mahali pamoja, wakati nukta inakuruhusu kuweka kichwa popote panapoonekana kioo. Vilengeo vya hologramu, vinavyotumia leza, huwafaa baadhi na huwakera wengine wanaoona alama kama imemwagiwa mchanga. Usinunue kabla hujatazama kwa jicho lako.

Pete ambayo hakuna anayeigusa

Kwenye darubini ya bunduki, mwisho ulio karibu na jicho una pete inayozunguka. Wengi huiacha ilivyotoka kiwandani. Hiyo pete ndiyo inayosema alama ya msalaba ionekane iko umbali gani na jicho lako, na ni kwa ajili yake darubini inaweza kumsaidia asiyeona mbali na asiyeona karibu kwa kifaa kimoja.

Kuna namna ya kuirekebisha, na kuna namna inayodanganya. Namna inayodanganya ni kuutolea macho ule msalaba huku unazungusha. Jicho, hasa la kijana, litajikaza na kuusafisha lenyewe, wewe utadhani umeshapata, na baada ya nusu saa ya kulenga kichwa kitauma na msalaba utaanza kukimbia. Fanya hivi badala yake. Bunduki ikiwa tupu, elekeza darubini kwenye anga lenye mawingu au ukuta mweupe, mbali kabisa na jua. Fumba macho sekunde chache, fumbua, amua papo hapo: mkali au si mkali? Usisubiri sekunde ya pili. Zungusha kidogo, fumba tena, fumbua tena. Ukifika mahali ambapo msalaba unakukuta ukiwa mkali kila unapofumbua, umefika.

Baada ya hapo ndipo unagusa kitasa cha paralaksi, kama darubini yako inacho. Hicho kinahusu picha ya shabaha na si msalaba. Utajua kimekaa sawa ukitikisa kichwa kidogo na kuona msalaba hautembei juu ya shabaha. Anayetangulia kitasa na kusahau pete huishia kusahihisha kosa moja kwa kosa lingine.

Pete ina mipaka. Nyingi zinabeba dayopta 2 au 3 kila upande, kwa hiyo mwenye kasoro ya dayopta 5 hataokolewa nayo. Na astigmatizimu haiigusi kabisa, kwa sababu pete huongeza nguvu sawasawa pande zote ilhali kasoro yenyewe ni ya upande mmoja.

Hata anayeweza kutegemea pete akavua miwani, ningemwomba asivue. Ndani ya darubini ataona kila kitu. Akiinua kichwa, uwanja wote utakuwa ukungu: kijana aliyekwenda kubadilisha karatasi za shabaha, bendera ya hatari iliyopandishwa, mtu aliyesimama kando ya lengo. Anayeshika silaha anapaswa kuona zaidi ya kile kiduara. Tena miwani yenye lenzi ngumu inalinda jicho lenyewe dhidi ya vipande na gesi. Rekebisha pete ukiwa umevaa miwani utakayovaa siku zote, na umemaliza. Hakikisha tu kwamba darubini imefungwa mbele vya kutosha, maana teke la bunduki likiirudisha, kitu cha kwanza itakachokutana nacho ni fremu ya miwani.

Watu wengi wenye macho dhaifu hukimbilia ukuzaji mkubwa. Ukuzaji unasaidia kweli: jicho la 6/6, yaani lenye uoni wa kawaida, hutofautisha vitu vilivyoachana dakika 1 ya nyuzi (sehemu ya 60 ya nyuzi moja), ambayo ni karibu sentimita 2.9 kwenye mita 100, na darubini ya mara 4 inalifanya jicho dhaifu zaidi kufika hapo bila taabu. Lakini kila ukuzaji unalipiwa. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaoingia jichoni. Lenzi ya milimita 40 kwa mara 4 inatoa milimita 10, zaidi ya mboni yoyote inavyoweza kupokea, na kichwa kina nafasi ya kuhama kidogo. Lenzi hiyohiyo kwa mara 20 inatoa milimita 2. Picha inafifia, kichwa kikihama nywele moja giza linaingia, na vile vinyuzi vinavyoelea ndani ya macho ya wenye umri vinajitokeza kama utando mbele ya shabaha. Mwanga mwembamba hutupa vivuli vyao wazi kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ukiviona, punguza ukuzaji kabla hujaisafisha lenzi kwa mara ya tano.

Kuna faraja moja iliyofichika humo. Mwanga mwembamba hufanya kazi kama kile kitundu cha kadi, kwa hiyo mwenye astigmatizimu anaweza kuona picha safi zaidi kwa ukuzaji mkubwa kuliko mdogo. Ni kinyume cha matarajio, lakini ndivyo mwanga unavyokwenda.

Kona ya lenzi

Unapolaza shavu kwenye kitako cha bunduki, kichwa kinainama na kugeuka. Jicho halitazami tena kupitia katikati ya lenzi ya miwani, linatazama kupitia kona ya juu, karibu na pua. Lenzi ilipimwa kwa mtu anayetazama mbele akiwa ameketi wima. Kwa miwani ya nguvu ndogo tofauti haisikiki. Kwa miwani ya nguvu kubwa, kona ile inapinda picha, na silinda inaweza isikae ilipopimwa. Mpiga bastola, anayesimama wima, hukutana na shida hii kwa nadra.

Ndiyo maana wapiga shabaha wa mashindano ya bunduki wana fremu zenye lenzi moja inayosogezwa mpaka ikae mbele ya jicho linalolenga. Wasiozihitaji kiasi hicho wanaweza kuchagua fremu pana inayokaa juu zaidi usoni. Lenzi za kuvaa juu ya jicho zinaimaliza shida hiyo kabisa kwa sababu zinatembea na jicho. Vyovyote iwavyo, hakikisha kwanza jicho unalolipangia haya yote ndilo linalotawala. Unganisha viganja uache tundu dogo katikati, tazama kitu cha mbali kwa macho yote mawili, kisha fumba moja moja. Lile linalokiacha kitu kikiwa bado ndani ya tundu ndilo lenye usukani.

Pale ambapo hakuna kilengeo kitakachosaidia

Kama uliitazama nukta kupitia kitundu cha kadi na haikubadilika, au ilizidi kuharibika, acha kufikiria vifaa. Huenda mwanga unazuiwa au unapokelewa vibaya, na hilo ni jambo la hospitali.

Mtoto wa jicho huja polepole. Nukta inapata ukungu unaoizunguka kama mwezi nyuma ya wingu jembamba, rangi zinafubaa, jua likiwa mbele huoni kitu. Lenzi kubwa zaidi haitakuvusha. Upasuaji utakuvusha, na umekuwa ukiboreshwa tangu Harold Ridley alipoweka lenzi ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa London mwaka 1949. Lakini lenzi ya kawaida ya bandia hainenepi wala haikondi. Inaona vizuri umbali mmoja uliochaguliwa, na uchaguzi hufanyika kabla ya upasuaji. Mwambie daktari mapema kwamba unalenga shabaha, kwa jicho lipi, na kwa kifaa gani. Kwa mwenye nukta au darubini, kwa kawaida mbali ndiko kunakofaa. Lenzi za bandia zinazogawanya mwanga kwa umbali mbalimbali zinaweza kuacha pete za mwanga kuzunguka taa ndogo, na nukta yako ni taa ndogo. Muulize pia ni lini jicho litakuwa tayari kupokea teke la bunduki, na usimtangulie.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri miadi. Ukiona ghafla mimweko ya mwanga, mvua ya vidoa vipya, au pazia linaloshuka upande mmoja wa jicho, retina inaweza kuwa inabanduka. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mwenye doa katikati ya uoni, asiyeweza kutambua kwa uhakika anachokilenga na kilicho nyuma yake, asifyatue. Silisemi kwa wepesi, najua maana yake kwa mtu aliyependa mchezo huu miaka thelathini.

Mimi kwenye pete ya darubini yangu nina alama ndogo ya rangi nyeupe, niliyoiweka siku nilipoirekebisha vizuri kwa mara ya kwanza. Kila baada ya miezi michache naivuruga pete makusudi na kuitafuta upya kwa kufumba na kufumbua, bila kuangalia alama. Miaka kadhaa ilirudi palepale. Mwaka jana ilisimama karibu upana wa ukucha kutoka kwenye doa jeupe, na nilipojaribu tena siku iliyofuata ikasimama palepale ilipohamia. Sikuigusa. Nilikwenda kupimwa kwanza, nikapewa miwani mipya, nikarudi nayo na kuizungusha pete tena. Ilitulia juu ya alama ya zamani.